Wasifu mmoja hautoshi kwa kila tangazo la kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wanaotafuta kazi, na pamoja nao wazazi, wahadhiri na waajiri wenzangu, kuhusu jambo ninaloliona kila tunapotangaza nafasi ya kazi, nalo ni desturi ya mwombaji kuandaa wasifu mmoja, yaani CV, kisha kuutuma huohuo kila mahali, iwe ni kazi ya stoo, ya mapokezi, ya mauzo au ya uhasibu. Nafanya kazi ya rasilimali watu katika kampuni ya uwakala wa forodha na usafirishaji hapa Dar es Salaam, na sehemu ya majukumu yangu ni kusoma maombi, kuyachambua pamoja na wakuu wa idara na kupendekeza nani aitwe kwenye usaili. Ninayoyaandika hapa ni maoni yangu, si ya mwajiri wangu.

Nianze na namna uchambuzi unavyofanyika, kwa sababu vijana wengi ninaozungumza nao hawajawahi kuelezwa. Tangazo likishafungwa, tunachora jedwali. Majina ya waombaji yanapangwa upande wa kushoto, na juu zinapangwa sifa zilizotajwa katika tangazo, kila sifa na safu yake. Msomaji anachukua ombi la kwanza, anatafuta ushahidi wa sifa ya kwanza, akiuona anaweka alama ya vema, asipouona anaacha pale wazi na kwenda kwenye sifa ya pili. Akimaliza anachukua ombi linalofuata. Hakuna safu ya bidii, wala ya huruma, wala ya kukisia kwamba huenda mtu huyu anaiweza kazi ila hakusema. Kisichoandikwa hakipati alama, na kilichoandikwa kikafichwa katika ukurasa wa nne huwa katika hatari ya kutoonekana, hasa pale maombi yanapokuwa mengi kuliko muda tuliopewa. Mwombaji anayeelewa jambo hili moja ataandika wasifu wake kwa namna nyingine kabisa.

Chukua nafasi ya mtunza stoo, ambayo tuliitangaza si muda mrefu uliopita. Tulitaka mtu anayeweza kupokea bidhaa na kuzilinganisha na ankara, kujaza leja na kadi za stoo, kushiriki katika kuhesabu mali iliyopo kila mwisho wa mwezi, na kutunza kumbukumbu katika kompyuta. Binti mmoja mwenye stashahada ya ununuzi na ugavi alileta wasifu wa kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulijaa picha yake, jina la baba, kabila, dini, hali ya ndoa, na aya ya malengo iliyosema kwamba anatamani kufanya kazi katika taasisi inayokua, yenye changamoto, ambako atatumia vipaji vyake kwa manufaa ya taasisi na taifa. Ukurasa wa pili ulianzia shule ya msingi. Katika ukurasa wa tatu, chini ya kichwa cha uzoefu, palikuwa na mstari mmoja tu: "Mazoezi kwa vitendo, bohari, wiki nane." Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa wadhamini na mambo anayoyapenda.

Kwa jedwali letu, binti huyu alikuwa na alama moja, ya elimu. Mkuu wa ghala, ambaye ni mtu mwenye subira, aliomba apigiwe simu aulizwe katika hizo wiki nane alikuwa akifanya nini. Ikabainika kwamba alikuwa akipokea mzigo unaposhushwa, akiuhesabu mbele ya dereva na kuulinganisha na ankara, akijaza kadi za stoo kila siku na kupeleka tofauti zilizoonekana kwa mhasibu, na kwamba alishiriki katika hesabu ya mali ya mwisho wa mwaka. Zaidi ya hayo, kabla ya kuingia chuoni alikuwa ametunza daftari la bidhaa katika duka la vifaa vya ujenzi la ndugu yake Kariakoo, jambo ambalo hakuliandika popote kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, "ile haikuwa ajira rasmi." Alama zikatoka moja zikawa nne. Lakini simu ya namna hiyo haipigwi kila siku, na siwezi kumwahidi kijana yeyote kwamba atakutana na mkuu wa ghala wa aina ile.

Mstari ule mmoja ungeweza kuandikwa hivi: "Katika wiki nane za mazoezi nilipokea na kuhesabu mizigo iliyoshushwa, nikailinganisha na ankara, nikajaza kadi za stoo kila siku na kushiriki katika hesabu ya mali ya mwisho wa mwaka." Hakuna lililoongezwa hapo ambalo hakulifanya. Kilichobadilika ni kwamba kila kitendo sasa kinajibu hitaji mojawapo la tangazo, na msomaji hahitaji kupiga simu ili akijue.

Sasa tuseme binti huyohuyo anaomba nafasi ya huduma kwa wateja mwezi unaofuata. Yale mambo ya leja na kadi yanafaa yapungue, na duka la Kariakoo lipande juu: kwamba alisikiliza wateja wa jumla na wa rejareja, alielewa malalamiko ya fundi aliyepewa saizi isiyo sahihi, alitoa risiti na kukumbusha wenye madeni kwa lugha ya heshima. Akiomba nafasi ya karani wa manunuzi, kitakachotangulia ni kile alichosoma kuhusu zabuni na namna alivyokuwa akilinganisha bei za wauzaji kabla ndugu yake hajaagiza mzigo. Maisha ni yaleyale, tarehe ni zilezile, vyeti ni vilevile; ila kila mwajiri anaonyeshwa kwanza upande anaouhitaji. Hili ndilo ninalolisihi, na ni kazi ya uteuzi na mpangilio tu.

Njia ya kulifanya haihitaji mtaalamu. Mwombaji alisome tangazo akiwa na kalamu, apigie mstari kila kitenzi kilichotumika katika majukumu na kila sifa iliyotakiwa, kisha ajiulize kwa kila kimoja: nimewahi kufanya jambo hili wapi, lini, na nani anaweza kulithibitisha? Majibu anayoyapata ndiyo yapewe nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza. Palipo na neno la kitaalamu katika tangazo ambalo kweli linaelezea alichokifanya, alitumie neno hilo badala ya kuzunguka. Tangazo likisema "usuluhishi wa hesabu za benki" na yeye amewahi kuufanya, asiandike "kazi mbalimbali za uhasibu," kwa kuwa maneno hayo ya jumla hayampi msomaji kitu cha kuwekea alama. Katika baadhi ya kampuni kubwa na tovuti za ajira maombi hupitia kwanza katika programu ya kompyuta inayotafuta maneno yaliyomo katika tangazo, kwa hiyo uangalifu huu una faida mara mbili. Kwa sababu hiyohiyo wasifu uliopigwa picha kwa simu na kutumwa kama picha una hasara, maana programu nyingi za namna hiyo hazioni humo maandishi ya kusoma.

Lugha nayo ni sehemu ya kuulenga wasifu. Tangazo likiandikwa kwa Kiswahili na kazi yenyewe ikiwa ni ya kuzungumza na madereva, wapagazi na wateja wa Kariakoo, sioni sababu ya mwombaji kujilazimisha kuandika Kiingereza alichokinakili kwa mtu mwingine, wakati angeweza kujieleza kwa ufasaha katika lugha atakayoitumia kazini kila siku. Tangazo likitaka Kiingereza, aandike Kiingereza chake mwenyewe, hata kama ni cha sentensi fupi, kwa sababu tutamsikia akiongea siku ya usaili.

Jambo ambalo linaniuma zaidi kuliko yote, na ambalo naomba wazazi walisikie, ni namna vijana wetu wanavyoificha kazi yao halisi. Kijana amekaa miaka miwili katika kibanda cha wakala wa pesa za simu pale Manzese, amepokea na kutoa fedha za watu tangu asubuhi hadi usiku, amejua kupanga floti, yaani fedha ya kufanyia miamala, isimwishie Ijumaa jioni, amejifunza kumtambua tapeli kwa namna anavyoharakisha muamala, na kila siku amefunga hesabu zikalingana. Kisha anaomba kazi ya karani wa fedha na anaandika: "Uzoefu: hakuna." Nilipowauliza baadhi yao sababu, walinijibu kwamba walifundishwa kuandika kazi zenye mkataba peke yake. Dada aliyemsaidia mama yake kupika chakula cha mafundi katika eneo la ujenzi amejua kununua kwa bajeti, kukadiria sahani na kukusanya madeni. Dereva wa bodaboda anaijua mitaa ya Mbagala na Gongo la Mboto kuliko ramani yoyote, na kampuni inayosambaza vifurushi inamhitaji mtu kama huyo. Kazi hizi zina heshima, na kwa nafasi inayohusiana nazo zinastahili kuandikwa kwa maneno kamili, pamoja na muda zilipofanyika na mtu anayeweza kuzishuhudia. Kwa nafasi isiyohusiana nazo zinaweza kutajwa kwa mstari mmoja, ili pengo la miaka lisibaki bila maelezo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni majigambo, na kwamba wahenga walishanena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu methali hiyo, lakini kizuri hujiuza pale kinapoonekana kwa macho, na mwombaji wa kazi haonekani. Kinachoonekana ni karatasi yake. Kueleza ulichokifanya, kwa kipimo chake halisi, ni kumrahisishia kazi mtu asiyekufahamu.

Mpaka wa jambo hili lazima uwekwe wazi. Kuulenga wasifu si kughushi, na hakuna namna ya kuyachanganya mawili haya kwa nia njema. Nchi hii haijasahau tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, ambapo Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyoonyesha watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, na watu wakapoteza ajira walizokuwa wamezishika kwa miaka. Sekta binafsi nayo inahakiki. Tunapiga simu vyuoni, tunawapigia waajiri wa zamani, na tunamwuliza mwombaji maswali ambayo aliyeifanya kazi atayajibu bila kufikiri. Aliyejaza kadi za stoo anajua zilikaa wapi na nani alizisaini. Kwa hiyo anayeandika "nilisimamia" wakati alisaidia, au "fasaha katika kompyuta" wakati anajua kuchapa barua tu, anajitengenezea aibu ya siku ya usaili, na anamharibia hata yule atakayekuja kutoka chuo hichohicho baada yake.

Upo pia upande wa kupunguza, ambao vijana wanauogopa kwa kudhani kwamba wasifu mrefu ndio wenye uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, hali ya ndoa, ujauzito, ulemavu na umri, na ulinzi huo unamhusu pia mtu anayeomba kazi. Kama sheria inamkataza mwajiri kuyatumia mambo hayo kumnyima mtu kazi, kwa nini yachukue nusu ya ukurasa wa kwanza, mahali ambapo uwezo ulipaswa kukaa? Tangu Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022, ambayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu akusanye zile zinazohitajika kwa kusudi lake. Wasifu wenye namba ya kitambulisho, jina la mama na mtaa unaolala, uliotumwa kwa barua pepe ishirini usizozifahamu, ni hatari kwa mwenyewe, na Dar es Salaam hii ina matapeli wanaotangaza kazi zisizokuwepo ili wavune taarifa kama hizo. Jina, simu, barua pepe na wilaya unayoishi vinatosha kwa hatua ya mwanzo, isipokuwa pale tangazo linapotaka zaidi kwa sababu inayoeleweka.

Kwa ajira za serikali utaratibu ni tofauti kidogo, na sitaki kumpotosha mtu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapokea maombi kupitia mfumo wake wa kielektroniki, na matangazo yake huwa na masharti yanayofanana: barua ya maombi iliyosainiwa, vyeti vinavyotakiwa, cheti cha kuzaliwa, na maelezo binafsi yanayojitosheleza yenye anwani, simu na wadhamini watatu. Masharti hayo yatimizwe kama yalivyo. Hata hivyo, barua ya maombi huandikwa kwa kila nafasi, na hapo mwombaji ana ukurasa mzima wa kuonyesha kwamba amelisoma tangazo la nafasi hiyo na si la jirani yake.

Nikizungumzia wadhamini, nao wachaguliwe kwa kuitazama kazi. Mchungaji au shehe anaweza kushuhudia tabia, lakini kwa nafasi ya fundi umeme namhitaji zaidi yule aliyesimamia mazoezi yako ya ufundi. Na waombwe ruhusa kabla, kisha waelezwe ni kazi gani inaombwa, maana nimewahi kumpigia mhadhiri akaniuliza mara tatu ni mwanafunzi gani ninayemzungumzia.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo lina ukweli. Kijana asiye na kompyuta, anayekwenda steshenari ya Ubungo au Mwenge kuchapishiwa, analipia kila ukurasa na kila marekebisho, na nauli juu yake. Akiambiwa abadilishe wasifu kwa kila ombi, anaambiwa atoe fedha ambayo hana. Hapo ushauri wangu ni awe na daftari moja nyumbani, aandike humo kila kazi, kila mafunzo na kila jukumu alilowahi kulishika, pamoja na tarehe na majina ya wasimamizi, bila kujali urefu. Tangazo linapotoka, anateua kutoka katika daftari hilo na kuandika rasimu kwa mkono au katika simu yake kabla ya kutoka nyumbani, ili anapofika steshenari asilipie muda wa kufikiri. Na atume maombi machache. Maombi matano yaliyolengwa yanagharimu pungufu ya bahasha thelathini za kaki zenye karatasi zilezile, na kwa ninavyoyaona mambo kutoka upande wa pili wa meza, yana nafasi kubwa zaidi ya kusomwa hadi mwisho.

Wenye steshenari nao wamekuwa walimu wa wasifu bila kuombwa, na wengi wao wanasaidia kwa moyo mwema. Lakini ule mfano mmoja uliohifadhiwa katika kompyuta ya dukani, ambao unafutwa jina la mteja aliyetangulia na kuwekwa la anayefuata, ndio unaotuletea maombi yenye aya moja ya malengo kwa watu ambao hawajawahi kukutana. Nimesoma ombi la kazi ya usafirishaji ambalo malengo yake yalikuwa "kuhudumu katika sekta ya benki." Kijana yule alikuwa na leseni, alikuwa na uzoefu, na alinyimwa usikivu na sentensi ambayo hakuiandika yeye.

Sisi waajiri hatuna haki ya kulaumu kama matangazo yetu yenyewe ni ya kunakili. Tangazo linalotaka "mtu mchapakazi, mwenye kujituma na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo" halimpi mwombaji chochote cha kulenga, na likidai uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ambayo mhitimu angejifunza kwa miezi miwili, linawaalika watu kudanganya. Tuandike kazi yenyewe ni ipi, itafanyika wapi, ni sifa zipi za lazima na zipi ni za nyongeza. Tuache kudai picha na dini. Na vyuo vyetu, badala ya kumwachia mwanafunzi wa mwaka wa mwisho semina ya saa moja kabla ya mahafali, vimpe matangazo mawili halisi ya kazi tofauti na kumtaka aandike wasifu kwa kila moja, kisha mtu aliyewahi kuajiri auketie na kuusahihisha mbele yake.

Kwako Ndugu Mhariri nina ombi pia. Gazeti lako huchapisha matangazo ya kazi, na wasomaji wengi hulinunua kwa ajili ya kurasa hizo. Ukitenga safu ndogo pembeni mwake, mara moja kwa mwezi, tukalichukua tangazo moja na kuonyesha namna mhitimu wa stashahada, fundi wa chuo cha ufundi stadi cha VETA na mtu aliyejifunza kazi mtaani wangeweza kuliandikia kila mmoja kwa historia yake mwenyewe, niko tayari kuiandika bila malipo, na nina wenzangu wawili katika fani hii waliokubali kusaidia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa Rasilimali Watu,
Tabata, Dar es Salaam.